Songoro na Mbio za Kwaresima

Aidano Songoro, fundi cherahani wa Mkunazini, mjini Unguja, alikuwa Mkristo wa kubatizwa, wa kipaimara na wa ndoa ya kanisani, lakini tumbo lake halikuwa na dini. Ramadhani lilikula na Waislamu, Krismasi lilikula na Wakristo, na siku ya Diwali, mwenyewe alionekana mlangoni kwa Banyani mmoja wa Hurumzi, futi ya kupimia shingoni, kaja kupima suruali ambayo hakuna aliyeiagiza. Mkewe, Bi Kezia, alikuwa akisema kwamba siku ya kiyama viungo vyote vya mumewe vitafufuka, ila tumbo litabaki nyuma likiuliza kumepikwa nini.

Mwaka wa tisini na saba Ramadhani iliangukia Januari, na majirani wa Songoro walikuwa watu wa haki. Adhana ya magharibi ikilia tu, sahani zinaanza kupiga hodi: muhogo wa nazi, ndizi mbivu za iliki, tambi, sambusa, uji wa pilipili manga. Bi Salhiya wa ghorofani peke yake alikuwa akishusha sahani mbili, na Songoro hakuwa mtu wa kumkosesha jirani thawabu. Taabu ni kwamba wenzake hao walikuwa wameshinda na njaa. Yeye mchana keshakula wali wake na mchuzi wa papa nyuma ya pazia la duka, kwa adabu, asije akawatia watu tamaa. Idi ilipoingia, mtaa mzima umekonda na Songoro hawezi kufunga kifungo cha suruali aliyojishonea kwa mkono wake.

Unene peke yake usingemsumbua. Kilichomsumbua ni msalaba.

Kila Ijumaa Kuu Wakristo wa mjini walikuwa wakenda Mbweni kufuata Njia ya Msalaba, kutoka njia panda mpaka kanisa la zamani la misheni, wakisimama kituo baada ya kituo. Msalaba wenyewe ulikuwa wa mninga, na wanaume wawili ndio waliokuwa wakiushusha ukutani. Ukishashushwa, unabebwa na mtu mmoja, begani, mwanzo mpaka mwisho. Babu yake Songoro, aliyelelewa misheni hapo hapo Mbweni, aliubeba. Baba yake akaubeba mpaka mvi zikamjaa. Kisha ukaja kwa Aidano. Haikuandikwa popote kwamba ni haki ya ukoo wake, lakini hata shairi la kumpokea bwana harusi haliandikwi, na nani atathubutu kulibadilisha?

Sasa, mwaka uliotangulia, Songoro alifika kituo cha tatu, pale Yesu anapoanguka mara ya kwanza, na yeye akaanguka. Watu walidhani ni maigizo. Wakasifu. Akina mama wawili watatu walilia kwa jinsi alivyoanguka vizuri. Walipoona haamki ndipo wakajua kwamba mtu amekwisha pumzi, wakamkalisha kando ya njia wakampepea kwa vitabu vya nyimbo, na msalaba ukachukuliwa na Mwalimu Bartholomayo.

Mwalimu Bartholomayo alikuwa mzee wa kanisa, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mkavu, aliyekuwa akila chapati moja kwa siku na kuitangaza. Aliubeba msalaba mpaka mwisho bila kutoa jasho. Mwaka mzima baada ya hapo, kila akimkuta Songoro alikuwa akimuuliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Pumzi zinaendeleaje, fundi?" Songoro angestahimili tusi. Upole ule haukustahimilika.

Basi Jumatano ya Majivu, padri alipowauliza waumini kila mmoja ataifunga vipi Kwaresima yake, mmoja akaacha sigara, mmoja akaacha nyama, na Songoro akasimama na majivu yake usoni akasema, "Mimi nitakimbia kila alfajiri."

Kanisa likacheka. Padri akamwambia, "Bwana Songoro, kukimbia si kufunga."

"Padri, hujaniona nikikimbia," akajibu Songoro.

Alijishonea kaptula kwa kitambaa cheusi kilichobaki kwenye joho la padri huyo huyo, akatafuta raba za Kichina, akawa tayari. Kilichobaki ni kuamka, na hapo ndipo palipomshinda. Siku ya kwanza aliamka jua limeshapanda. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu akajitokeza kwenye jua, na kabla hajafika mwisho wa kichochoro watoto wa chuo cha Kurani wanamfuata nyuma wakimwimbia. Akarudi ndani.

Akaenda kumlilia Mzee Msabah. Huyu alikuwa jirani yake wa mlango kwa mlango, Mwarabu wa Unguja, mtu ambaye babu yake alikuwa na mashamba ya karafuu na yeye mwenyewe alikuwa na kiduka cha nyuzi na vifungo. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wako Maskati. Kwa miaka chungu nzima wawili hao walikuwa wakifanya kazi ukuta kwa ukuta, mmoja akishona na mwengine akimuuzia uzi na kumkosoa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kukopa sindano?"

"La. Ukenda kusali alfajiri, naomba unigongee mlango."

Mzee Msabah akamtazama juu mpaka chini. "Kuna nini alfajiri?"

"Nnataka kukimbia."

"Unamkimbia nani?"

Songoro akamweleza habari yote: kituo cha tatu, vitabu vya nyimbo, Bartholomayo na upole wake. Mzee Msabah akasikiliza kwa makini, maana uhasama mzuri aliupenda, wa dini yoyote ile. Akasema, "Mwanangu, hilo si la kukimbia kwa ajili ya Mungu. Hilo ni la kukimbia kwa ajili ya watu. Lakini ntakugongea."

Akawa anagonga kwelikweli. Alfajiri, muadhini hajamaliza, bakora ya Mzee Msabah iko mlangoni kwa Songoro: ngo ngo ngo, "Songoro! Haya! Umelala mpaka lini, gunia wee!" Songoro anatoka na kaptula yake ya joho, wanaongozana mpaka kona ya msikiti, mzee anaingia kusali na fundi anashika njia ya Vuga kwenda viwanja vya Mnazi Mmoja.

Mbio zenyewe zilikuwa za kusikitisha. Songoro hakuwa na saa wala mwalimu, akaamua kupima kwa sala: Baba Yetu moja ya kukimbia, Baba Yetu moja ya kutembea. Mpango mzuri, isipokuwa mtu ni mtu. Ile ya kukimbia aliisoma mbiombio, maneno yanapandiana, hata Mungu mwenyewe angeuliza hii ni ya lugha gani. Ile ya kutembea aliisoma kwa taratibu na unyenyekevu mkubwa, akisimama kwenye kila neno na kulitafakari. Siku za mwanzo alitapika mara mbili, mara moja kwenye mti na mara moja karibu na mlinzi wa ofisi, ambaye hakulipenda jambo hilo. Alimlaani Bartholomayo, kisha akakumbuka ni Kwaresima akamwombea, kisha alipofika mteremko wa Kilimani na kuupanda akamlaani tena.

Lakini aliendelea. Hilo lilimshangaza kila mtu, na yeye wa mwanzo. Kila asubuhi alijiambia leo ndio mwisho, na kila asubuhi ile bakora ilimtoa kitandani kabla hajapata hoja. Baba Yetu ikawa haimtoshi, akahamia Nasadiki, ambayo ni ndefu. Nasadiki ikawa nyepesi, akaingia kwenye Zaburi fupifupi. Suruali ikafunga kifungo. Alfajiri moja, kwenye upepo wa bahari pale viwanjani, aligundua kwamba yumo katikati ya sala na haombi chochote, hata pumzi. Anashukuru tu. Akaona haya peke yake gizani, akaongeza mbio.

Akirudi alikuwa kalowa jasho, na kwao saa hizo bomba lilikuwa likikohoa tu. Maji yalikuwa msikitini. Mzee Msabah akamwambia anawe pale nje kwenye mifereji ya udhu, maji ya Mungu hayaulizi mtu. Songoro akawa ananawa uso, mikono na miguu, anakaa kidogo ngazini kupoa, wanarudi pamoja na mzee huku wakibishana.

Na Bi Salhiya wa ghorofani alikuwa na dirisha.

Bi Salhiya hakuwa mwongo. Alisema alichokiona: fundi Songoro anagongewa mlango adhana ikilia, anafuatana na Mzee Msabah kuelekea msikitini, na watu wakitoka kusali anaonekana pale pale, uso na miguu imerowa maji. Ebo! Kuna nini tena hapo cha kuuliza? Habari ikashuka ngazi, ikaingia sokoni Darajani, ikarudi imekamilika: fundi Songoro kasilimu, ila bado anaona haya kusema.

Mtaa ukaipokea habari hiyo kwa furaha, na kwa adabu zaidi. Hakuna aliyemuuliza, asije akashtuka kama kuku mgeni. Songoro mwenyewe aliona tu kwamba dunia imemgeukia vizuri. Wanywaji kahawa wa barazani walimpisha akae katikati. Bi Salhiya alimshushia sahani ya vileja, na wala si Idi. Mtu mmoja alipita dukani akaacha kofia mpya ya viua, kazi ya mkono, akatabasamu akaenda zake. Songoro akadhani imeletwa kupunguzwa, akaitundika msumarini akisubiri mwenyewe arudi kuleta kipimo. Huko barazani walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu jina, wengine Sleiman, wengine Mundhir. Siku moja mtu akamwita Sleiman na Songoro akageuka nyuma kumtafuta huyo Sleiman.

Bi Kezia ndiye aliyempasulia jipu. Alimngoja arudi asubuhi, akafunga mlango, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Jina lake nani?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Usinifanye mtoto, Aidano. Nnawajua wanaume wa kikwetu wanaosilimu utu uzima. Wanasilimu kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe inavaa buibui na inataka kuwa mke wa pili."

Songoro aliapa kwa Mungu, kwa mama yake na kwa cherahani. Kesho yake alfajiri Bi Kezia akajitanda kanga akamfuata mumewe kwa nyuma, unyo unyo, mpaka viwanjani. Akamwona anavyokwenda: mashavu yanatetemeka, mdomo wazi, kaptula imepinda, anaisoma Nasadiki kwa sauti ya mtu anayezama. Bi Kezia alikaa chini ya mvinje akacheka mpaka akaumwa na mbavu. Aliridhika kabisa. Hakuna mwanamke duniani, mwenye buibui wala asiye na buibui, atakayekubali kujiwa na mtu katika hali ile.

Kanisa halikuridhika kwa urahisi huo. Wiki mbili kabla ya Pasaka baraza la wazee likamwita. Mwalimu Bartholomayo alisimama akaieleza kesi kama anafundisha hesabu ubaoni: mlango unagongwa adhana ikilia, bwana huyu ameonekana akinawa miguu msikitini, dukani kwake imetundikwa kofia, na kofia si ya kuuza. Akamaliza kwa upole wake ule, "Hatumhukumu ndugu yetu. Tunauliza tu, je, inafaa msalaba ubebwe na mtu ambaye hatujui Jumamosi ataamka nani?"

Songoro aliumia. Kucheka angeweza, na nyumbani alikuwa akicheka, lakini si pale, mbele ya wale wazee aliokua nao. Akasema anakimbia. Wakamtazama. Akasema tena, anakimbia, hana jingine. Padri, ambaye alikuwa amechoka na vikao vyote vya dunia, akakata shauri: "Bwana Songoro atabeba msalaba Ijumaa Kuu. Kama ni kweli alikuwa akikimbia, miguu itasema. Akiufikisha kanisani, sitaki kusikia neno hili tena. Asipoufikisha, basi, kazi hiyo ina mtu mwengine na hilo jingine tutalizungumza."

Mzee Msabah alipoambiwa alishika bakora yake, eti anakwenda mwenyewe kwa padri. "Ntamwambia, huyu wenu ni wenu, sisi hatumtaki. Ramadhani nzima kala futari zetu na mchana kashiba, atakuwa Muislamu wa wapi?"

"Kaa chini, Mzee wangu," akasema Songoro. "Ukenda wewe kunitetea, ndo wataamini kabisa."

Ikafika Ijumaa Kuu. Songoro alikuwa amepanga asikimbie siku hiyo, atembee kidogo tu kunyoosha miguu, aziweke nguvu zote kwa ajili ya Mbweni. Alikuwa mwepesi. Alikuwa akijijua mwepesi, na kichwani alikuwa ameshaufikisha msalaba mara nyingi, kila mara akipita karibu na Bartholomayo na kumuuliza pumzi zinaendeleaje. Bakora ikagonga kama kawaida, ila pole pole. Wakafuatana. Mzee Msabah siku hiyo hakutukana wala hakubisha, na Songoro, mpumbavu, akafurahia utulivu.

Walipofika ngazi za msikiti sala ilikuwa imeshaqimiwa, watu wamekwisha kusimama. Mzee akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akakaa.

"Songoro, mwanangu. Kifua."

Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na jasho linamtiririka. Songoro akaita, "Jamani!" Ndani mlikuwa na wazee wachache wamejipanga safu, migongo kwa mlango, wako kwenye rakaa. Akaita tena. Hakungoja kuona nani atakata sala na nani ataimaliza. Gari haiingii kwenye vichochoro vile hata ungelikuwa nayo. Akainama, akamtia mzee mgongoni, akaondoka.

Mzee Msabah alikuwa mrefu, mwenye mifupa ya Kiarabu, na miguu yake iliburura nyuma.

"Sijasali," akasema sikioni kwa Songoro.

"Utasali hospitali."

"Usipite kwa mahakamani. Wamechimba mfereji."

"Nyamaza, Mzee."

"Songoro. Udhu umetoka."

"Nimehisi, Mzee wangu. Shati langu lote limehisi."

Alikimbia. Si mbio za Baba Yetu moja na kupumzika. Alikimbia moja kwa moja, vichochoro vyote, akamtoa barabarani Vuga, akateremka naye. Alikuwa akimtukana. "Siku zote za mwaka, Mzee! Ungengoja Jumatatu! Hata kesho! Leo?" Na katikati ya matusi anaisoma Baba Yetu, neno moja kila hatua, huku nyuma ya shingo yake mzee anaisoma shahada yake kwa sauti nyembamba, anaikata, anaianza tena. Mara ile shahada ikanyamaza. Songoro akalia kwa sauti kama mtoto, akaongeza mbio kwa miguu ambayo hakuwa nayo.

Hospitali walimpokea mzee juu ya kitanda cha magurudumu wakaingia naye ndani. Baadaye akatoka daktari, msichana mdogo, akauliza mgonjwa kaletwa na gari gani.

"Na mimi," akasema Songoro. Alikuwa kakaa chini sakafuni kwa sababu benchi lilikuwa mbali.

Daktari akamtazama, akasema mzee yuko hai, na kwamba wangengoja gari angekuwa maiti. Songoro akaitikia kwa kichwa. Baada ya mtu kumwambia hivyo ndipo alipokumbuka leo ni siku gani.

Bi Kezia alikuja na shati safi, na wale wazee wa msikitini wakaja nao, wakakaa zamu kwa mgonjwa. Bi Kezia akamwona mumewe anavyoshika ukuta ili asimame, akamwambia, "Mwambie padri. Mwambie ulimbeba mtu."

"Nimwambie nini? Mwaka jana nlichoka, mwaka huu nimechoka? Watasema natafuta udhuru."

"Basi mwache Bartholomayo aubebe."

"Bora nife."

"Utakufa, basi," akasema Bi Kezia, na akamfunga vifungo vya shati.

Njia panda ya Mbweni watu walikuwa wengi kuliko miaka yote. Habari ya kikao ilikuwa imewaleta na wale wasiofika kanisani isipokuwa kwa maiti. Wanaume wawili wakauinua msalaba, wakamwekea begani. Songoro alihisi mapaja yanamwambia neno moja tu: hapana. Akapiga hatua. Akapiga nyengine. Kituo cha kwanza wakasali. Kituo cha pili, pale Yesu anapopokea msalaba wake, magoti yakakunjika, na Songoro akashuka chini pole pole na mninga ukamlalia mgongoni.

Mwaka huu hakuna aliyesifu. Mtu akakohoa. Songoro akajaribu kuinuka, akajaribu tena, machozi yanamtoka kwa hasira, kisha mzigo ukaondoka mgongoni kwake. Mwalimu Bartholomayo alikuwa ameubeba, na akatangulia nao.

Baada ya ibada watu walisimama nje ya kanisa la zamani wakinong'ona. Mwalimu akamjia Songoro mbele ya wote, mbele ya padri.

"Mbio zote zile za alfajiri, fundi. Hebu tuambie ukweli sasa. Ulikuwa ukenda wapi?"

Angeweza kueleza. Bi Kezia alishafungua mdomo. Lakini Songoro aliutazama ule uso mkavu ulivyokuwa ukingoja, akaona kwamba akieleza tu, Mzee Msabah na kifua chake na shati lililolowa vitageuka hoja ya kikao, vitaulizwa maswali na kupigiwa kura. Akamkanyaga mkewe mguu.

"Msikitini," akasema. "Na leo nimetokea huko huko."

Watu wakamwondokea, akabaki peke yake kama mche uliopaliliwa. Padri akasema watazungumza baada ya Pasaka. Walizungumza, na mengi yalisawazishwa kadiri siku zilivyokwenda, kwani mjini Unguja hakuna siri ya hospitali inayodumu. Lakini msalaba Songoro hakuubeba tena maisha yake. Ulibaki kwa Bartholomayo, kisha kwa mpwa wa Bartholomayo. Mbio hakuziacha, mpaka miaka ya elfu mbili na kitu mlinzi yule wa ofisi alikuwa akimwona anapita na kumpungia mkono, lakini kwa mbali.

Ile jioni ya Ijumaa Kuu yenyewe, Songoro na Bi Kezia walipitia hospitali kabla ya kurudi nyumbani. Mzee Msabah alikuwa kalala na dripu mkononi, macho yake wazi, anamngoja. Hakusalimia. Akamshika Songoro mkono.

"Uliubeba?"

Songoro akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Siku nzima hajala kitu, na bega lilikuwa limechubuka.

"Nliubeba, Mzee."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Alhamdulillahi." Mzee akafumba macho. "Nlikuwa nikiogopa. Nlijua nimekumaliza. Nimelala hapa nnamwomba Mungu, nnasema, huyu mwanaharamu nimemharibia siku yake."

Songoro alitazama sakafu. Bi Kezia, mama wa kanisa, mwenye skafu yake nyeupe ya Umoja wa Akina Mama shingoni, aliyeyaona yote kwa macho yake, akamwekea mzee mto vizuri.

"Si kuubeba tu, Bwana Msabah," akasema. "Mwalimu Bartholomayo kataka kumpokea, yeye kakataa. Kamwambia, rudi nyuma, mwalimu, pumzi zako hazitoshi."

Mzee Msabah akacheka. Akacheka mpaka mpira wa dripu ukatikisika na nesi akaja kuwafukuza.